Meza zilihamishwa, kituo cha daladala hakikuhama pamoja nazo: kisa cha wauza mboga wa kwetu

Ukizungumza na watu hapa mjini habari ya wauza mboga wa barabarani utakuta wamegawika makundi mawili tu. Kuna wanaosema hawa wanachafua mji waondoshwe, na kuna wanaosema wanyonge hawa waacheni watafute riziki yao. Nnahisi makundi yote mawili wanagombana juu ya kitu kisichokuwa ndo shida yenyewe. Hichi kisa cha kwetu nimekifuatilia tangu mwanzo mpaka hapa kilipofika, nimezungumza na wauzaji, na makonda, na mtu mmoja anaefanya kazi ya kukusanya ushuru, basi nakitoa chote tukitizame pamoja.

Mahala ni Zanzibar, Mkoa wa Mjini Magharibi, upande wa Ng'ambo. Jina la soko na la baraza la manispaa nayaacha, nataka tuzungumze mambo yalivyokwenda, sitaki ije ikawa fulani kasemwa na fulani kasifiwa.

Kwanza mfahamu mkoa wenyewe ulivyojaa. Sensa ya 2022 imehesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na katika hao 893,169 wako Mjini Magharibi, karibu nusu ya nchi imebanana kwenye kipande hichi. Ajira za ofisini hazitoshi, shamba wengi hawana, kwa hivo mtu akimaliza skuli au akiachika au mume akiugua, kitu cha kwanza anachokifikiria ni meza. Meza ya tungule (nyanya), ya ndizi, ya mbatata, mtaji wake mdogo na hauhitaji cheti. Kwa hivo hao watu hawatokwisha barabarani kwa kufukuzwa, ukimuondosha huyu kesho anakuja mwengine.

Sasa pale kwetu palikuwa na kituo cha daladala, na pembeni yake meza kama thelathini hivi, wengi wao akinamama. Gari za mjini zinashusha pale, za shamba zinapita pale pale, na kuanzia baada ya alasiri mpaka magharibi panakuwa pamejaa watu wanaorudi makwao, kila mmoja ana kitu cha kupika usiku anakitafuta. Hapo ndo biashara ilipo. Asubuhi akinamama wale walikuwa wanakaa tu wanapanga mafungu na kupiga soga.

Mmoja wao ni mama mtu mzima, ana wajukuu anaowasomesha, nilimuomba anihesabie biashara yake ikoje na akanihesabia bila ya kusita maana hesabu anazo kichwani kuliko mimi nilosoma. Tenga la tungule alikuwa akilichukua kwa 60,000, mara nyingi mali kauli, yani anachukua kwa mtu wa jumla leo anamlipa akishauza. Anapanga mafungu ya 1,000 na ya 500, tenga linamalizika siku mbili, linatoa kama 85,000 ikiwa halikuoza sana. Toa hamali, toa ushuru wa baraza 500 kila siku, toa mifuko, anabakiwa na kama 20,000 kwa tenga. Juu yake anaweka ndimu na pilipili na vitunguu thomu, vidogo vidogo vya kujazia. Katika hiyo analipa mchezo, yani upatu wao, anakula, na wajukuu wanakwenda skuli.

Na hapo niseme kitu kimoja kinachonikera. Watu hawa kila siku waliambiwa wako pale kinyume na sheria, na kila siku hiyo hiyo alikuwa anapita mtu wa ushuru na mashine anawatolea risiti. Sasa kama mtu yuko mahala pasipo halali unamtoza ushuru wa nini, na kama unamtoza si ushamkubali? Nilimuuliza yule mkusanyaji akacheka tu.

Likaja soko jipya. Na mimi si katika wanaosema masoko mapya hayana maana, soko lile lina paa, lina vyoo, lina maji, lina taa, masika mvua ikinyesha wale akinamama walikuwa wanakimbilia chini ya vibaraza vya maduka na maboksi vichwani na mboga zinaelea mtaroni, kwa hivo walifurahi na wao wenyewe walikuwa wa kwanza kuandikisha majina. Jengo ni la ghorofa. Chini wakapewa wauza samaki, nyama na kuku, na maduka ya mchele na unga. Mboga wakapandishwa juu.

Wakati huo huo barabara ikapanuliwa ikawa njia mbili mbili na ukuta katikati, na kituo cha daladala kikasogezwa mbele kupita makutano, upande wa pili, kama mita 400 kutoka sokoni. Walohamisha kituo ni watu wa usafiri na barabara, walohamisha meza ni baraza. Kila mmoja ana sababu yake na ukimsikiliza peke yake utaona ana haki. Wa barabara wanasema gari zikisimama karibu na makutano zinaziba njia, ni kweli. Wa baraza wanasema meza zikibaki barabarani watu watagongwa, na hilo pia ni kweli. Lakini hakuna kikao hata kimoja ambacho yule wa kituo na yule wa meza walikaa pamoja wakaulizana, jamani mteja atatoka wapi afike wapi?

Matokeo yake mtu kashuka kwenye gari saa kumi na moja jioni, kachoka, ana mkoba na mtoto, umwambie avuke njia mbili zenye gari za kasi, arudi nyuma mita 400, apande ngazi, kwa ajili ya fungu la tungule la 1,000. Hendi. Wewe ungekwenda?

Yule mama tenga lake sasa linamaliza siku nne mpaka tano. Tungule hazisubiri mtu, thuluthi yake inalainika inaoza, kwa hivo tenga la 60,000 linatoa kama 55,000, na kabla ya hapo ameshampa hamali 2,000 kulipandisha ngazi maana hakuna njia nyengine ya kupandishia mzigo. Anauza kwa hasara halafu anatakiwa alipe meza. Na malipo ya meza yamebadilika, si 500 ya kila siku tena, ni 30,000 kwa mwezi inalipwa mbele na 5,000 ya taka. Ukigawa unaona ni kama 1,170 kwa siku, yani zaidi ya mara mbili. Lakini tofauti kubwa si kiwango, ni namna. Ushuru wa siku ulikuwa unafuata biashara, siku huna mzigo au unaumwa hulipi. Kodi ya mwezi haijui kama umeuza au hukuuza. Mtu wa mtaji wa 60,000 ukimwambia atoe 35,000 kabla hajauza kitu umemkata mtaji nusu tangu siku ya mwanzo.

Mtu wa jumla nae si mjinga. Alipoona anacheleweshewa pesa mara ya kwanza alinyamaza, mara ya pili alisema, mara ya tatu akakata mali kauli, akataka pesa mkononi. Kwenye mchezo wao nako wawili wakashindwa kutoa na mchezo ukavunjika, na kuvunjika mchezo kwa wanawake wa pale ni jambo kubwa kuliko watu wa ofisini wanavyodhani, maana ile ndo benki yao, ndo ada, ndo dawa, ndo nguo za sikukuu. Meza zikaanza kubaki tupu. Mara ya mwisho nilipopita juu kulikuwa na meza kumi na nne zenye watu, nyengine zimewekewa maboksi matupu kushika nafasi.

Sasa tizama upande wa baraza, kwa sababu watu wanadhani baraza angalau limefaidika. Nilipiga hesabu yangu ya haraka. Meza thelathini kwa 500 kwa siku thelathini ni 450,000 kwa mwezi, tuseme wote wanalipa. Sokoni walitarajia meza thelathini kwa 35,000, yani 1,050,000. Wanachopata kwa meza kumi na nne ni 490,000. Tofauti ya 40,000 na sasa wana mlinzi, msafishaji, umeme na maji ya kulipia ambayo barabarani hayakuwepo. Kwa hivo mji umepata jengo zuri na hesabu mbovu, akinamama wamepoteza mitaji, na anaekula tungule anazipata kwa bei ile ile. Hakuna alofaidika hapo.

Kosa, yupo alofaidika. Kwenye kituo kipya hazikupita wiki nyingi wakatokea vijana na marikwama, tungule, vitunguu, ndizi, kila kitu. Hawalipi meza, hawalipi taka, askari wakija wanasukuma rikwama wanaingia uchochoroni wakiondoka wanarudi. Yani alotii amri kafilisika na aliekaidi kapata soko. Sitowalaumu wale vijana, na wao wanatafuta, lakini utaratibu unaomuadhibu mtiifu haudumu hata uweke askari mia. Na ndivo ilivyokuwa, baadhi ya wale akinamama sasa jioni wanashuka na beseni mbili tatu wanakwenda kukaa kule kule kituoni, wananyang'anywa vitu, yule mama mwenyewe alichukuliwa beseni la ndimu na mzani akaja kulia kwangu, kaniambia mwanangu mimi nina risiti ya meza mkobani na nakimbizwa kama mwizi.

Wapo watakaosema tatizo ni wateja hawajazoea, wape muda watazoea. Hili nililifikiria sana kwa sababu lina mantiki, masoko mengi huanza kwa kusuasua. Lakini Ramadhani ilitupa jawabu. Baraza liliruhusu, na hapa niwasifu, kwamba baada ya alasiri wauzaji washuke chini wapange kwenye uwanja wa mbele ya soko upande wa barabara, na gari kwa kuwa watu wanaharakia futari zikawa zinashusha pale pale mbele, askari wa barabarani wakawa wanafumba jicho. Mambo yalibadilika siku hiyo hiyo. Ndizi mbichi, muhogo, mbatata, nazi, tungule, vitu vikawa vinaisha kabla ya adhana. Utasema Ramadhani kila mtu anauza, ni kweli, lakini kulikuwa na akinamama wanne watano hawakushuka, walibaki juu kwa kuwa mizigo mizito au miguu inauma, na hao Ramadhani hiyo hiyo walikaa wanajipepea. Mwezi ule ule, tungule zile zile kutoka kwa mtu yule yule wa jumla, kilichotofautiana ni ngazi na mahala gari inaposimama. Iddi ilipopita wakarudishwa juu na gari zikarudi kule kituo kipya, na biashara ikafa tena.

Haya si mambo mapya hapa kwetu. Soko la Darajani limejengwa 1904 na kwa miaka mingi limekuwa halipitiki kwa wingi wa watu, na sababu imo ndani ya jina. Palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari ulokuwa ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na alotoka Ng'ambo kwenda kazini mjini na alotoka mjini kurudi Ng'ambo njia yake pale. Miguu ya watu ilitangulia, soko likafuata. Sisi siku hizi tunajenga soko kwanza kwenye kiwanja kilichopatikana, halafu tunataka miguu ifuate kwa amri.

Nani basi wa kulaumiwa? Watu wa mtaani walimtupia lawama sheha, yani kiongozi wa serikali wa shehia yetu, kwa kuwa yeye ndo wanaemuona, na yeye ndo alieandika majina. Kwenye majina kuna maneno, sikatai, kuna watu wamepata meza na hawajawahi kuuza hata pilipili maishani mwao, na kuna walopata mbili mbili kwa jina la mtoto, halafu wakazikodisha kwa kilemba, yani pesa ya juu ya kumuachia mtu nafasi. Na wengine katika hao ni wauzaji wenyewe, hilo mbona hawalisemi wakija kulalamika? Lakini sheha hakuchagua ramani ya jengo wala hakuhamisha kituo. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, hana bajeti wala hana saini ya kuhamisha hata kibao.

Diwani tumemchagua kwa kura, ndo mtu wetu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 2014 baraza lina madiwani wanaopitisha bajeti na kanuni za ada, lakini mkurugenzi anaeendesha shughuli za kila siku anateuliwa kutoka juu na mabaraza yote yako chini ya Ofisi ya Rais inayoshughulika na tawala za mikoa na serikali za mitaa. Diwani akisema kitu kikaoni kinaandikwa, kama kitatekelezwa ni habari nyengine. Na kituo chetu cha daladala hakimo mikononi mwa baraza. Kwa hivo alietakiwa kuviunganisha vitu viwili hivi, soko na kituo, hayupo. Sioni rushwa kubwa hapa, sioni adui, naona mji ambao kila ofisi inamaliza kazi yake vizuri na kuandika ripoti nzuri, na ile nafasi ya katikati baina ya ofisi na ofisi ndo anapokaa yule mama na tenga lake.

Na msiniambie utalii utatuokoa. Nafahamu, 2024 walikuja wageni 736,755, miaka hii namba inapanda, alhamdulillahi. Lakini hoteli ya Nungwi au Paje haitumi mtu kuja kununua fungu la 1,000 ghorofani kwetu, ina mtu wake wa kuiletea mzigo kwa pikapu, na mzigo wenyewe mwingi umevuka bahari kutoka Bara. Pesa ya mgeni inatufikia kwa njia ya mshahara wa kijana anaefanya kazi hotelini, anaerudi nyumbani na daladala, anaeshuka kituoni. Tunarudi pale pale kituoni.

Tuliandika barua, wauzaji na baadhi yetu wakaazi, tukaweka saini. Hatukuomba warudi barabarani, hilo tulikubaliana tangu mwanzo maana mtoto aligongwa na vespa pale zamani na kila mtu anakumbuka. Tuliomba gari zinazoelekea shamba ziruhusiwe kushusha mbele ya soko kuanzia saa kumi mpaka magharibi tu, upande ule hazikati njia ya mtu. Tuliomba ushuru urudi wa kila siku mpaka meza zijae, wakitaka waanze kodi ya mwezi baadae. Na tuliomba vitu vinavyooza vishuke chini, visivyooza haraka vipandishwe juu, na meza zigawiwe upya kwa kura mbele ya watu, jina likitajwa mwenyewe anyanyuke tumuone.

Baraza limejibu kwamba kituo si chao. Watu wa usafiri wamesema wako tayari kuangalia ila wanataka barua rasmi kutoka baraza. Diwani ameahidi kulipeleka kwenye kikao, na nafikiri atalipeleka kweli kwa sababu mama mkwe wake ni mmoja wa wenye meza juu. Kuhusu ushuru wa siku tumeambiwa mfumo wa malipo ndo umewekwa hivo, haukubali, na hapo mimi sikubaliani, mfumo umetengenezwa na watu na barabarani ulikuwa unatoa risiti ya 500 kila siku bila ya tabu.

Kilichotembea kidogo ni hili la kubadilishana ghorofa, na halikutoka kwetu wala barazani, limetoka kwa mafundi cherehani. Wao wako mtaa wa nyuma kwenye vibanda vya kukodi vinavuja, na mteja wa fundi hapiti njia akashawishika, anamfuata fundi wake popote alipo hata awe ghorofa ya tano. Wamekwenda wenyewe kuomba zile meza tupu za juu, wako tayari kulipa kwa mwezi, kinachotakiwa ni umeme wa kila meza. Wakipewa, soko linapata kodi na juu kunapata watu, na baraza litakuwa halina tena sababu ya kung'ang'ania mboga zikae kule. Wauza mchele wa chini baadhi yao wameshasema watapanda ikiwa watapunguziwa, wengine wamekataa katakata. Mazungumzo yapo hapo, na beseni la ndimu mpaka leo halijarudishwa.